Anayeshika Mizani

Anzisha mjadala wa kazi ngumu kwenye kijiwe chochote cha kahawa, iwe Tanga au Kariakoo, na kila mtu atataja ya kwake. Dereva wa lori la Kongo atasema hakuna anayeteseka kama yeye. Mwalimu wa shule ya msingi atataja madaftari ya darasa lenye watoto mia. Kijana aliyewahi kuwa saidia fundi atawasikiliza wote, kisha atauliza kama kuna yeyote kati yao aliyewahi kubeba zege. Hapo kelele hupungua. Kubeba zege kwetu ndiyo mfano wa mwisho wa kazi ngumu. Mzazi akitaka kumtisha mtoto asiyependa shule, humwambia atakuja kubeba zege.

Mijadala ya namna hiyo huwa inapima ugumu peke yake. Swali la sura hii ni jingine: ni kazi gani inayomkamua mtu nguvu nyingi zaidi kwa kila shilingi anayolipwa? Ukiuweka ugumu na malipo kwenye hesabu moja, orodha inageuka. Mbeba zege, niseme mapema, hashiki hata nafasi ya pili.

Wachumi wameligombania jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1776 Adam Smith, Mskoti ambaye bado anaitwa baba wa elimu ya uchumi, aliandika kwamba kazi ngumu, chafu au ya hatari hulipwa zaidi, kwa kuwa bila nyongeza hakuna atakayeikubali. Mfano wake ulikuwa wachimba makaa ya mawe wa Newcastle, waliokuwa wakipata kama mara mbili ya kibarua wa kawaida. Hoja ni nzuri na inafariji, hasa ukiisoma umekaa kivulini. Mwaka 1848 John Stuart Mill akaipinga. Kwa maoni yake, kazi zinazochosha na kuchukiza kuliko zote ndizo zinazolipwa kidogo kuliko zote, karibu kila mahali, kwa sababu wanaozifanya hawana pengine pa kwenda. Mill mwenyewe alikuwa mtu wa ofisini, karani na baadaye mkubwa katika Kampuni ya Mashariki ya Hindi kwa miaka 35, lakini katika hili alimwona mtu wa shambani vizuri kuliko Smith.

Mimi niko upande wa Mill, ila naona kuna kitu hakukitaja. Mtu asiye na pa kwenda ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kipimo: nani anaamua kazi ya leo ni kiasi gani, nani anaihesabu ikiisha, na mizani iko mikononi mwa nani. Kazi mbili zinaweza kulingana kwa jasho na kupishana sana kwa malipo, na ukizichunguza, mara nyingi tofauti iko hapo.

Tuanze na mkonge, kwa kuwa ndio uliowafundisha maelfu ya watu wa nchi hii maana ya kulipwa kwa kipande. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Safari ya baharini iliiua karibu yote, na 62 tu ndiyo iliyofika hai Pangani. Kutoka kwenye miche hiyo yakazaliwa mashamba ya Tanga, Korogwe, Muheza, Morogoro hadi Lindi, na kufikia miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa ikiongoza dunia kwa singa za mkonge.

Wenyeji wa pwani hawakuitaka kazi ile, na hawakuwa wavivu. Mtu mwenye minazi yake, shamba la mihogo na ngarawa hana sababu ya kwenda kuchomwa miba kwa malipo ya mwisho wa mwezi. Mkonge ulihitaji watu ambao kwao ni mbali mno kurudi jioni. Wakatafutwa Kigoma, Songea, Njombe, Ruanda-Urundi na ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuwakusanya, SILABU, na watu wale wakaitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Kadi ya kazi, kipande, ilikuwa na siku 30, na siku haikutiwa alama mpaka ngwe ya siku hiyo iwe imekamilika. Mtu aliyekata robo tatu ya ngwe yake kisha akashikwa na homa alikuwa ameshinda shambani bure. Ndiyo maana mwezi wa manamba haukuwa mwezi wa kalenda. Uliweza kumchukua wiki sita.

Kazi yenyewe haijabadilika sana. Mkataji huingia shambani alfajiri, kabla jua halijaanza kuuma, amevaa mikono mirefu na mabuti kama anayo. Anainama chini ya mmea, anakata majani ya safu za chini moja baada ya jingine, na kila jani analikata tena nchani kuondoa mwiba mweusi ambao ukimwingia jichoni habari yake imekwisha. Utomvu unawasha ngozi. Majani 30 hufungwa fungu moja, na mafungu hubebwa mpaka kando ya njia ya trekta, hupangwa, na kusubiri mhesabuji. Mtu akifunga mafungu 100 amekata majani 3,000, na kwa kuwa kila jani hukatwa mara mbili, ameshusha kisu mara 6,000. Jani la mkonge uliokomaa lina uzito wa nusu kilo au zaidi, kwa hiyo amebeba si chini ya tani moja na nusu, fungu kwa fungu, katikati ya miba. Majani hayo yakishapita kwenye korona, yaani mashine inayokwangua nyama na kubakiza singa, kinachopatikana ni takribani asilimia 4 ya uzito. Tani moja na nusu ya mgongo wa mtu inatoa kilo 60 za bidhaa.

Amri ya kima cha chini cha mshahara ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023 na kurithiwa na nyingine Januari 2026, iliweka shilingi 140,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa kilimo. Ukigawa kwa siku 26 unapata kama shilingi 5,385 kwa siku. Hiyo ndiyo karatasi. Shambani kuna mambo ambayo karatasi haiyaoni. Shamba changa lina majani marefu, limepaliliwa, na lipo karibu na njia. Shamba lililozeeka, lililokwisha kutoa milingoti ya maua, lina majani mafupi yaliyojificha kwenye vichaka na nyoka wake. Fungu ni majani 30 kote kuwili. Anayepangiwa shamba zee hufanya kazi mara mbili kwa hesabu ileile, na anayepanga ni nyapara. Ukitaka kujua kwa nini manyapara walipikiwa pombe na kuletewa kuku, usitafute mbali.

Nyuzi za plastiki zilipoingia sokoni miaka ya 1960, bei ya singa ikaporomoka. Huo ndio ubaya wa malipo ya ngwe: bei ikishuka, hakuna haja ya kugusa mshahara na kuwapandisha watu hasira. Inatosha kurefusha ngwe kidogo, au kumwambia mhesabuji akatae mafungu yenye majani mafupi. Mshahara unabaki palepale kwenye daftari, na siku ya kazi inarefuka bila mtu kuandika barua.

Kuna kazi nyingine ambayo haina nyapara kabisa, na hapo mtu angedhani mambo yangekuwa mepesi. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Unguja mwaka 1989, upande wa mashariki, Paje na vijiji vya jirani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Mwani huo hukamuliwa kitu kama utomvu kinachoshikiza dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi kwenye nchi ambazo wakulima hawatazifikia. Wanaume waliujaribu mwanzoni, wakapiga hesabu, wengi wakarudi kwenye samaki na baadaye kwenye utalii. Wanawake walibaki, na mpaka leo wao ndio wengi mno katika kazi hiyo.

Mkulima wa mwani hana saa ya kuingia kazini, ana maji. Kazi hufanyika wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari inapokupwa mbali na kuuacha mchanga wazi kwa saa chache. Kama maji yanakupwa saa nne asubuhi, yuko huko saa nne. Kesho yake yamesogea mbele karibu saa nzima, naye anasogea nayo, na chakula cha watoto kitajijua. Nyumbani ameshafunga vipande vya mwani kwenye kamba, kimoja kimoja, kwa vijikamba vidogo wanavyoviita taitai. Baharini anapigilia vigingi kwa jiwe, anatandaza kamba, anakaza, anang'oa majani mabaya, ameinama na chumvi inampigia usoni, akiwaangalia taa waliojifukia mchangani. Baada ya wiki kama sita anavuna. Mwani mbichi ni mzito na unachuruzika maji. Anaufunga kwenye gunia na kulivuta au kulibeba kichwani mpaka ufukweni, anauanika siku mbili tatu, na akiona wingu anakimbia kuufunika, kwa sababu mvua moja inaweza kuushusha daraja. Kupata kilo moja kavu inabidi kuvuna kilo saba mbichi, wakati mwingine zaidi.

Halafu anakuja karani na mizani yake. Mazungumzo ya pale huwa mafupi.

"Mama, mwani wako una mchanga, na chini haujakauka. Nakata kilo tatu."

"Mwanangu, jua la juzi si uliliona?"

"Nimeliona mama, ila mizani ndiyo hii."

Hana mizani ya pili ya kulinganisha. Kwa miaka mingi kamba na taitai zilitolewa na mnunuzi huyohuyo, kwa hiyo mwani ulikuwa na mwenyewe kabla haujaota. Bei ya spinosum, aina inayostahimili zaidi na inayolimwa kwa wingi, kwa muda mrefu ilikuwa shilingi mia chache tu kwa kilo. Tuseme 600: gunia la kilo 50 kavu, lililotokana na kilo 350 za mbichi zilizotolewa majini, ni shilingi 30,000. Aina ya pili, cottonii, ina bei ya juu kwa sababu kiwandani inatoa zaidi, lakini tangu miaka ya 2000 imekuwa ikifa kwenye maji ya kina kifupi yanayozidi kupata joto. Inasitawi vizuri zaidi maji marefu, na maji marefu yanataka mtumbwi na mtu anayejua kuogelea. Wanawake wengi waliokulia hatua mia moja kutoka baharini hawakufundishwa kuogelea.

Kwa haki lazima niongeze kwamba ukiwauliza wanawake wa Jambiani kama mwani uliwadhulumu, wengi watakukatalia. Mwani ulikuwa hela yao ya kwanza isiyopitia mkononi mwa mume. Umeezeka nyumba mabati na umesomesha. Hesabu ya jasho kwa shilingi haiwezi kubeba jambo hilo, na msomaji asije akadhani imelibeba.

Mkulima wa bara anaujua ujanja wa kipimo kwa jina la lumbesa: gunia lililojazwa, likashonewa kofia juu, likajazwa tena, kisha likanunuliwa kwa bei ya gunia moja. Sheria inaikataza na Wakala wa Vipimo huikemea kila msimu wa viazi na vitunguu. Tunaizungumza lumbesa kama dhuluma kwa mkulima, na ni kweli, lakini kuna mtu wa pili ambaye hatumtaji. Gunia hilo la kilo 130 halijipandishi kwenye lori lenyewe. Hamali analipwa kwa gunia, si kwa kilo, kwa hiyo kofia ile anaibeba bure naye. Kunduchi, Dar es Salaam, kwenye machimbo ya mawe, wanawake wanaogonga kokoto kwa nyundo huuza kwa ndoo, na mnunuzi akisema ndoo haijajaa, watajazia mpaka ifurike. Kericho, Kenya, mchuma chai hulipwa kwa kilo, majani mawili na chipukizi, na kilo hizo husomwa na mtu mwingine. Huko sasa mashine za kuchumia zimefika, moja ikifanya kazi ya watu wengi, na mwaka 2023 baadhi zilichomwa moto katika ghasia. Kuna ukatili kidogo katika hilo, kwamba watu wamepigania kubaki kwenye kazi ambayo sura nzima kama hii inailalamikia.

Sasa turudi kwa mbeba zege, maana nilimshusha cheo bila kumpa nafasi ya kujitetea.

Chukua jamvi la kawaida la nyumba ya ghorofa, mita 10 kwa 10, unene wa sentimita 15. Hiyo ni mita za ujazo 15, na zege lina uzito wa kama tani 2.4 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo kuna tani 36 za kupandisha juu. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne itakwenda mifuko ya saruji ipatayo 100, kila mmoja kilo 50. Mahali pasipo na pampu, zigo lote hilo hupanda kwa karai. Vijana husimama kwenye ngazi ya mirunda, wa chini anajaza kwa koleo, karai linaruka kutoka mkono hadi mkono mpaka juu, tupu linatupwa chini, jingine linapanda. Wanaimba, kwa sababu asiyefuata wimbo anamwangushia mwenzake karai. Saruji mbichi inachoma vidole. Hakuna kupumzika, kwani jamvi likikatishwa katikati litapata ufa pale lilipokatiwa, na fundi anajua jina litakaloharibika ni la kwake.

Hapo ndipo ulipo uzito wa mbeba zege kwenye mazungumzo ya malipo. Zege halisubiri. Saa chache baada ya kutiwa maji linaanza kushika, na vijana wanalijua hilo vizuri kama fundi. Kwa hiyo bei ya siku ya zege hupatanwa asubuhi kabla karai la kwanza halijapanda, huwa juu ya siku ya kawaida ya kibarua, chakula cha mchana ni cha mwenye nyumba, na pesa hutolewa jioni ileile. Mwenye nyumba atakayejaribu ujanja saa sita mchana, jamvi likiwa nusu, ataona jinsi makarai yanavyoweza kuwekwa chini kwa pamoja. Tena kazi inaonekana: jamvi limeisha au halijaisha, hakuna karani wa kukata kilo tatu. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na kesho yake kijana hawezi kunyoosha mkono. Lakini kwa siku ile moja, kipimo ni cha wote.

Makuli wa bandarini waliligundua jambo hilo mapema, na kwa ukubwa zaidi, kwa kuwa meli ni ghali kuliko jamvi. Meli iliyofunga gatini inakula fedha kila saa, ipakuliwe isipakuliwe. Makuli wa Mombasa na Dar es Salaam waligoma mwaka 1939. Januari 1947 Mombasa nzima ilisimama, na jina la Chege Kibachia, kiongozi wa wafanyakazi, likajulikana. Dar es Salaam ikafuata mwaka huohuo, na mwaka 1948 ikawa zamu ya Unguja, mgomo ambao Adam Shafi aliujengea riwaya yake ya Kuli iliyotoka mwaka 1979. Mwaka 1955 Mombasa iligoma tena na Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi mwenye miaka 24 tu, akaingia kati kusuluhisha. Makuli wakaondoka na nyongeza kubwa. Katika miaka hiyo kazi ya bandarini ilibadilika kutoka ukibarua wa kuokotwa getini asubuhi na kuwa ajira ya kudumu ambayo watu waliitafuta kwa kujuana. Gunia lilikuwa lilelile. Mgongo ulikuwa uleule. Kilichopatikana ni kwamba wenye meli walilazimika kukaa mezani na kupatana juu ya nini kihesabiwe kuwa siku ya kazi. Baadaye makontena yakaja, na kreni moja ikachukua kazi ya genge zima, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Mtu anayepanda mlima kutoka Machame akiwa na mzigo kichwani angeonekana kuwa bingwa wa sura hii. Wapagazi wa Kilimanjaro hujiita wagumu, na hakuna atakayewabishia. Mgeni anapanda na chupa ya maji na kamera. Mgumu anapanda na hema la mgeni huyo, meza, viti, mtungi wa gesi, na siku hizi hata choo cha kubebeka. Anampita mgeni njiani, anafika kambini kabla yake, na mgeni akifika anakuta chai. Kambi ya Barafu iko zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo mtu akifunga tu kamba za viatu anahema. Wapo waliokufa kwa baridi na kwa ugonjwa wa mwinuko wakiwa na koti la mitumba na raba zilizotoboka.

Hata hivyo mgumu ana kitu ambacho mkata mkonge hana: mizani ya mtu wa tatu. Mzigo anaowabebea wageni hautakiwi kuzidi kilo 20, na hupimwa getini na hifadhi, mbele ya kila mtu. Kuna kiwango cha malipo kilichotajwa hadharani, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa shilingi 20,000 kwa siku, na tangu mwaka 2003 kuna mradi wa kuwatetea wapagazi unaozifuatilia kampuni na kuwaambia wageni zipi zinalipa na zipi zinakwepa. Ujanja bado upo. Mzigo unaweza kuongezwa baada ya kupita geti, malipo yanaweza kutolewa nusu huku mtu akiambiwa atajazia kwa bakshishi, na bakshishi ikabaki kwenye bahasha ya kiongozi wa msafara. Na safari hazipatikani kila wiki. Wengine husota getini siku nyingi wakingoja kuitwa. Pamoja na hayo, safari ya siku sita kwa kiwango hicho ni shilingi 120,000, karibu na mwezi mzima wa shambani. Kwa jasho, mgumu anawashinda wote. Kwa jasho lisilolipwa, yuko mbali na mkiani.

Aliye mkiani tunakaa naye. Ndiye aliyetuandalia chai asubuhi ya leo, na tunamwita dada.

Dada wa kazi hana mizigo ya kuonyeshwa pichani. Kazi zake zikitajwa moja moja zote ni nyepesi: kufagia, kupika, kuogesha mtoto, kufua, kupiga pasi, kufungua geti. Ndiyo maana hatajwi kwenye vijiwe. Lakini ngwe yake haina mwisho, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuikata. Anaamka saa kumi na moja alfajiri ili watoto wapande basi la shule, na analala baada ya vyombo vya usiku, saa tatu au nne. Mtoto akilia saa nane za usiku anaitwa yeye. Mkonge una majani 30 kwa fungu, mwani una kilo, jamvi lina mwisho wake. Kazi za nyumbani hazina kipimo hata kibovu, na mahali pasipo na kipimo mwajiri hahitaji kuiba. Anahitaji tu kuita, "Dada, njoo mara moja."

Amri ileile ya 2022 ilimwekea dada anayeishi kwa mwajiri wa kawaida shilingi 60,000 kwa mwezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema wiki ya kazi ni saa 45, ambazo kwa mwezi ni saa 195. Kwa hesabu hiyo saa yake moja ni kama shilingi 308. Sasa weka saa anazofanya kweli. Kutoka saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu usiku ni saa 16. Mtolee tatu za kula na kupumzika, ingawa wengi hawazipati, zinabaki 13. Mpe mapumziko ya siku mbili kwa mwezi, afanye kazi siku 28. Jumla ni saa 364, na saa yake moja imeshuka hadi shilingi 165. Hapo nimemchukulia dada aliyebahatika kulipwa kima hicho cha chini chote. Kila mmoja wetu anamjua anayelipwa chini ya hapo, na wengine wetu tunamlipa sisi.

Mabinti wengi huiona hesabu hii bila kuiandika, na wakipata pasipoti huondoka. Kutoka Unguja, Tanga na Mombasa wanakwenda Omani, Saudia na Falme za Kiarabu, ambako mshahara kwa mwezi ni mkubwa mara kadhaa. Saa hazipungui, na chini ya utaratibu wa kafala mwajiri ndiye anayemdhamini kuwepo nchini, kwa hiyo kubadili nyumba bila ridhaa yake kumekuwa kugumu. Wanajua, na bado wanakwenda. Ni uamuzi wa mtu aliyelinganisha mizani mbili mbovu akachagua yenye mawe mazito zaidi upande wa fedha.

Utetezi wa mwajiri wa kwetu ni mmoja, na nimeusikia kwa watu wema kabisa: dada anakula na kulala bure. Basi tuupime nao. Amri iliyotaja shilingi 60,000 kwa dada anayeishi ndani ilitaja pia shilingi 120,000 kwa yule anayefanya kazi ileile kwa mwajiri wa namna ileile na kurudi kwao jioni. Tofauti kati yao, shilingi 60,000 kila mwezi, ndiyo iliyokuwa bei ya ugali na godoro, na ilikatwa kabla mshahara haujafika mkononi. Kwa upande wa pili kuna saa 169 alizofanya zaidi ya zile 195. Sheria inaruhusu saa za ziada zisizozidi 50 kwa wiki nne, na inataka kila moja ilipwe mara moja na nusu. Mara moja na nusu ya 308 ni kama 462. Zidisha kwa 169 na unapata shilingi 78,000, zaidi ya mshahara wenyewe, kwa kila mwezi aliokaa nyumbani kwako.